Taa ya Kuonea Maneno

Namshukuru Mwenyezi Mungu, Muumba wa macho na masikio, anayetoa kwa hekima na kuchukua kwa hekima, na ambaye hata anapochukua humwachia mja wake njia ya kumkumbuka. Rehema na amani zimshukie Mtume wake, na kila aliyefuata nyayo zake kwa moyo safi. Nikisha kushukuru hivyo, naeleza jinsi mimi na jirani yangu tulivyotafuta taa hapa mtaani kwetu Kagugu, wazee wawili tusio na haraka, kwa ajili ya mke wangu na mtoto wetu wa mwisho.

Mimi ni fundi cherehani. Siku hizi sishoni nguo za kuuza isipokuwa mtu akinibembeleza sana, lakini cherehani yangu bado iko dirishani na mafuta naitia. Mke wangu ni mwalimu. Kwa miaka mingi alifundisha wanawake kusoma maneno ya Mwenyezi Mungu, tangu tulipokuwa tunakaa Nyamirambo hadi tulipohamia huku. Chumba chake cha somo na chumba changu cha kushonea vilikuwa vikipakana, na mwanzoni kabisa mwa ndoa yetu tuliweka desturi ambayo hatukuwahi kuivunja: somo likianza, cherehani inanyamaza. Mteja wangu angesubiri. Hata kwa mkasi nilikata polepole, na mtu akija na kelele zake mlangoni nilimwekea kidole mdomoni.

Ilikuwa lazima, kwa sababu alifundisha kwa sikio. Mwanamke alisoma mbele yake, naye amefumba macho na kuinamisha kichwa. Herufi ikiteleza, aliinua kidole kimoja. Hakusema neno. Msomaji alijua, akarudi nyuma, akaanza tena. Nimewahi kuwaona wanawake wazima, wenye wajukuu, wakitokwa jasho kwa kidole kile.

Kisha masikio yake yakaanza kuondoka. Yaliondoka kama rangi inavyotoka kwenye kitambaa kinachoanikwa juani kila siku: huoni leo wala kesho, hadi siku unayokilaza kando ya kipande kipya. Daktari alituambia mshipa wa kusikia umechoka. Kifaa cha sikioni kilimletea makelele tu yasiyo na maneno, akakirudisha kwenye kiboksi chake na kumshukuru Mungu. Akajifunza kusoma midomo. Ukimtazama usoni ukasema kwa utulivu, atakujibu kana kwamba hakuna kilichobadilika. Ukigeuza shingo kidogo tu, amekupoteza.

Wanafunzi wake aliwaaga mwenyewe. "Siwezi kumwambia mtu amesoma sawa kwa kubahatisha," aliniambia. "Hii ni amana." Nami nilijua ni kweli.

Lakini mmoja hakukubali kuagwa. Mtoto wetu wa mwisho ameolewa Tabora. Tangu akiwa mdogo alikuwa akihifadhi mbele ya mama yake, kipande kwa kipande, na baada ya kuolewa waliendelea kwa simu. Masikio ya mama yake yalipofungwa, alikuwa amebakiza juzuu moja kati ya thelathini. Mama akamwandikia atafute mwalimu mwingine huko huko, wako wengi na wazuri. Mtoto akajibu: "Sitafuti, Mama. Nitasubiri." Mke wangu alisoma ujumbe ule, akaiweka simu chini ya mto, akaenda kuchambua maharage. Maharage yale yalikuwa yameshachambuliwa asubuhi.

Ndipo nilipoazimia. Nilitaka mke wangu amsikilize mtoto wake hadi mwisho. Sikutaka afunge ualimu wake na juzuu moja mkononi.

Mtoto alikuwa tayari kujirekodi akisoma, uso ukijaza picha, na kututumia. Tatizo lilikuwa kuona. Kwenye simu mdomo wake ulikuwa kama punje ya mahindi. Kwenye televisheni yetu tulijaribu pia: mke wangu akisogea karibu, macho yalimtoka machozi kwa ule mwanga unaompiga usoni, akirudi nyuma, midomo ilipotea. Wala hakuwa akisoma midomo ya mtu anayeomba chumvi. Alitaka kuona ulimi umekaa wapi.

Jirani yangu ndiye aliyeleta wazo. Alikuwa mtu wa ofisi za serikali, sasa amestaafu. Alikulia Uganda, ni Mkristo anayewahi ibada yake kila Jumapili na pilau yangu kila Idi. Kiswahili alijifunza akiwa mtu mzima, na anakiendesha kama gari la kuazima: anafika, ila ukiwa ndani unajishikilia.

"Muzehe," akaniambia, "sisi tutengeneze projekta. Mimi nimeangalia kwa intaneti. Iko rahisi sana. Iko sanduku, iko lenzi, iko taa. Basi."

"Na picha itoke wapi?"

"Picha iko kwa tableti yangu, ile mjukuu alikalia."

Tukaifungua. Nyuma ya picha ya tableti kuna taa yake ndogo na makaratasi meupe. Vyote hivyo tuliviondoa, ukabaki utando wa picha peke yake, mwembamba na wenye kupitisha mwanga, kama kioo kilichotiwa rangi. Ukiweka taa kali nyuma yake na lenzi mbele yake, picha inatoka kwenye sanduku na kuangukia ukutani, kubwa upendavyo. Sanduku tulilitengeneza kwa mbao nyembamba. Lenzi tuliipata. Mapazia meusi ya dirishani nilishona mwenyewe, yenye tabaka mbili, na nilifurahi kuisikia tena cherehani ikila kitambaa kizito. Projekta za dukani zilizo nzuri hazikuwa za mfuko wetu, na zile za bei ndogo tulizoonyeshwa zilikuwa hafifu. Mtu angeonekana kama yuko nyuma ya moshi. Sikuwa na wasiwasi. Mtu aliyeshona makoti ya maharusi hawezi kushindwa na sanduku. Kilichobaki ni kuchagua taa, na taa ndiyo iliyotula vichwa.

Ya kwanza kabisa ilikuwa jua.

"Jua iko bure," jirani alisema. "Mungu alishalipa umeme."

Tukakitoa kile kioo kirefu ambacho wateja wangu walijaribia nguo, tukakiegemeza barazani saa ya dhuha, kikatupa jua ndani kupitia tundu la pazia hadi nyuma ya sanduku. Na wallahi sijaona picha nzuri kama ile. Mtoto wetu alikuwa ukutani na kitambaa chake cha kichwani, mdomo wake mpana kama sinia, ngozi yake ni ngozi, meno yake ni meno. Mke wangu alikuwa amekaa kwenye mkeka. Nilimtazama yeye, sikutazama ukuta. Midomo yake ilianza kwenda pamoja na ya mtoto. Kichwa kikainama kidogo, kama zamani, ila safari hii macho yalikuwa wazi. Nikaona kidole chake cha shahada kinatikisika juu ya goti.

Kisha wingu likapita juu ya Kagugu na ukuta ukawa mweusi.

"Rudisheni," akasema.

Nikamgeukia, nikamwambia jua limefunikwa.

"Basi lifunueni."

Jirani akainua mikono. "Mama, hiyo iko kazi ya padri na imamu. Sisi tuko mafundi tu."

Alicheka. Lakini alikaa palepale kwenye mkeka kwa muda mrefu, akiutazama ukuta mtupu, na lilipotoka jua tena lilikuwa limeshakihama kioo. Tulijaribu kulifuata siku nyingine, tukisukuma kioo kidogo kidogo kama watu wanaomwogesha ng'ombe mkorofi. Na msimu wa mvua ulikuwa unaingia. Jua halikutufaa, lakini lilituonyesha mambo mawili: kwamba mke wangu anaweza, na kwamba taa tunayoitafuta ifanane na lile.

Jirani akaenda Kinyinya kwa rafiki yake anayejenga, akarudi na taa ya mafundi wa kupiga plasta, ile ndefu yenye balbu kama kidole cha kioo ndani ya karai la bati. Tukaifunga nyuma ya sanduku. Picha ikatoka na rangi ya samli, mashavu ya mtoto yakawa na uhai. Jirani akanipigia saluti. Hata hatujamwita mama yake, nikaona doa jeusi katikati ya shavu la mtoto. Likaenea kama chai inavyoenea kwenye kitambaa cha meza, likala pua, likaelekea mdomoni, na harufu ya plastiki ikajaa chumba.

"Zima! Zima! Mana yanjye, Mungu wangu, tunachoma mtoto wa watu!"

Niling'oa waya ukutani. Tukalifungua sanduku na kuipepea tableti kwa kofia zetu, na kwa rehema za Mungu ilipopoa lile doa likarudi nyuma na kutoweka. Tukajifunza kwamba picha ile haivumilii joto. Taa ya mafundi tukairudisha Kinyinya na shukrani.

"Sasa tunaenda kisasa," jirani akasema. Alileta taa ya pikipiki, nyeupe, ndogo kama kifuniko cha chupa, ya aina ya LED. Hiyo haikuwa na joto la kutisha wala sauti yoyote, na ilikuwa kali. Ukuta mzima uliwaka. Jirani alizunguka chumba akisugua viganja. "Hii iko yenyewe. Muzehe, sema iko yenyewe."

Mke wangu akakaa, akatazama. Baada ya muda akaniuliza, "Huyu mtoto anaumwa?"

"Hapana. Kwa nini?"

"Midomo yake imekufa."

Nilitazama vizuri. Alisema kweli. Midomo, ulimi, ufizi, mashavu, vyote vilikuwa na rangi moja ya majivu. Mpaka wa mdomo hukuuona. Jirani akabisha.

"Mama, hii iko nyeupe! Nyeupe iko nyeupe!"

Hapo niliamua kufanya nilichokuwa nikifanya maisha yangu yote. Fundi wa nguo hakati kitambaa kwa mwanga wa taa ya duka. Mteja akileta suruali atafutiwe koti la kufanana, hutoka naye hadi mlangoni, kwenye jua, na hapo ndipo unajua kama rangi mbili zinafanana au zilikuwa zinajifanya tu. Nikaleta mfuko wangu wa mabaki, nikachagua kipande cha rangi ya damu ya mzee, kipande cha hudhurungi, cha waridi, na cha rangi ya udongo wa barabara. Nikavilaza mbele ya ile taa ya pikipiki. Damu ya mzee na hudhurungi vikawa ndugu wa tumbo moja. Nikavipeleka mlangoni: mmoja mwekundu, mwingine kahawia, wala hawajuani.

"Taa hii haina nyekundu ndani yake," nikamwambia jirani.

Alivichukua akavipeleka mlangoni mwenyewe, akarudi kwenye taa, akaenda tena. "Yoo," akasema taratibu. "Inadanganya."

"Na mdomo wa mtu ni mwekundu ndani ya kahawia. Mama anatafuta pale vinapokutana."

Kuanzia hapo nilikwenda madukani na mfuko wa mabaki. Nilimwomba muuzaji awashe taa, nilipanga vipande vyangu juu ya kaunta, nilitazama, nilikunja, nilishukuru, niliondoka. Mmoja akaniuliza, "Muzehe, unatafuta taa au unashona?" Nikamwambia vyote viwili, na akinipa taa isiyodanganya nitamshonea kanzu. Hakuwa nayo. Sikukata tamaa hata kidogo. Nilijua ninachokitafuta, na anayejua anachokitafuta hachoki haraka.

Siku moja nilikutana na mteja wangu wa zamani, mtu anayepiga video za harusi kule Rebero. Nilimshonea suti mbili. Alipoona mfuko wangu na kusikia habari yangu, alinipeleka chumbani kwake kwenye vifaa.

"Mzee wangu, kazi yangu mimi ni kumpendezesha bibi harusi," akasema. "Nikitumia taa ya kumfanya awe na rangi ya maiti, mama mkwe ananivunjia kamera. Jaribu hii."

Akawasha taa ya LED aliyokuwa ameiweka pembeni, mguu wake wa kusimamia umevunjika. Nikapanga mabaki. Damu ya mzee ikawa damu ya mzee. Hudhurungi ikakaa kwake. Waridi likacheka. Nilitaka kusujudu palepale.

Lakini nyuma ya taa ile kulikuwa na feni ya kuipooza, nayo ilivuma kama kinu cha kusaga mihogo. Tulikuwa tukipaza sauti ili tusikilizane.

"Feni imechoka," akasema. "Ndiyo maana siitumii. Shehe anafungisha ndoa, mimi kwenye video nasikia ndege inaruka. Lakini mwanga hauna kasoro. Chukua tu, uniombee dua."

Nikaichukua, na moyoni nikaweka sharti moja. Kelele ile haiwezi kuingia kwenye chumba cha somo. Cherehani yangu mwenyewe ilinyamaza kwa heshima ya chumba kile; feni ni nani?

Sasa msomaji wangu vumilia, maana hapa ndipo tulipopoteza muda mwingi kuliko mahali pengine pote. Tuliitoa feni, taa ikapata moto na kujizima yenyewe. Tuliiweka feni mbali na kuiunganisha na bomba la mabati. Ikavuma na bomba likavuma pamoja nayo. Tuliitia mafuta ya cherehani, ikatulia kidogo kisha ikaanza kulia kwa sauti nyembamba, mbaya zaidi. Mimi nikalishonea sanduku koti. Koti kamili, la pamba, lenye mishono ya kukatana kama godoro, na vishikizo upande. Kelele ilipungua sana, na joto likapanda sana. Nikatoboa koti. Kelele ikatoka kwenye matundu. Jirani alikuwa akija kila alasiri baada ya mimi kuswali, tunafunga mlango, tunawasha, tunakaa kwenye mkeka tukisikiliza kwa makini kama madaktari.

"Leo iko nzuri," ananong'ona.

"Bado," nami nanong'ona. "Atasumbuka."

"Kidogo tu."

"Somo halitaki hata kidogo."

Katika mmoja wa mikao hiyo, mlango ukafunguliwa na mke wangu akaingia na sinia la chai. Alitukuta wote wawili tumepiga magoti, mmoja huku na mmoja kule, kila mmoja ameweka sikio lake kwenye koti la sanduku.

Akaweka sinia chini. "Mnasikiliza nini?"

Nikamgeukia ili aone mdomo wangu. "Kelele."

"Kelele ya nini?"

"Ya feni. Tunataka ikae kimya kabisa."

"Kwa nini?"

"Isikusumbue kwenye somo."

Alinitazama. Akamtazama jirani. Akanitazama tena, polepole, kuanzia kofia hadi magoti, na mimi nilikuwa bado sijaelewa. Nilikuwa nimeinua nyusi nikisubiri anishukuru. Jirani ndiye aliyeelewa kwanza, kwa sababu nilimsikia akisema kwa sauti ya chini, "Mana yanjye," na akaketi sakafuni.

"Baba," mke wangu akasema, "katika nyumba hii nzima yuko mtu mmoja tu ambaye feni haiwezi kumsumbua. Na ndiye mnayemtafutia kimya?"

Sijui nieleze vipi nilichokihisi. Nilikuwa nimemwona akipoteza masikio siku kwa siku. Ni mimi niliyejifunza kumgeukia usoni. Hata hivyo, kwa chumba kile, moyo wangu ulikuwa bado umekaa upande wa pili wa ukuta, umeshika mkasi, unasubiri somo liishe. Kimya kile nilikitunza miaka mingi mno kiasi kwamba nilisahau kilikuwa cha nini.

Alianza kucheka. Alicheka hadi akashika ukuta, machozi yakamtoka, akajifuta kwa ncha ya mtandio. Jirani naye akaanguka upande. Mimi nilicheka mwisho, na nilipoanza sikuweza kuacha.

"Wameishonea na koti," akasema, akishika vishikizo. "Tena limekaa vizuri."

"Mama, mimi nilimwambia," jirani akaongopa waziwazi.

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia iko nzuri."

Tulilivua sanduku koti lake. Feni ikaachiwa ivume ipendavyo, na taa ikawaka kwa nguvu zake zote, bila joto la kuiunguza picha. Jirani alikunywa chai yake akasimama. "Hii sasa iko somo ya mama na mtoto," akasema, akachukua mwavuli na kwenda kwake, ingawa najua alitamani sana kuona.

Tulifunga mapazia. Mtoto akatokea ukutani, na mdomo wake ulikuwa mdomo. Feni ilinguruma chumba kizima. Mke wangu akakaa mbele ya ukuta, akavuta mtandio wake vizuri, akaniashiria niianzishe rekodi.

Na hapo likanijia jambo ambalo sikulitarajia. Mimi mwenye masikio nilikuwa sisikii chochote. Mtoto wangu anasoma, mdomo unafunguka na kujifunga, na kwangu ni ngurumo tu. Yeye asiyesikia alikuwa anafuata kila neno. Midomo yake ilikwenda na ya mtoto, kichwa kikainama, na mara kidole kikainuka.

Nikasimamisha picha. Nikamwendea mbele, nikamuuliza, "Amefanya nini?"

"Ulimi haukutoka," akasema. "Herufi ile ncha ya ulimi inatakiwa ionekane kati ya meno. Ameibana ndani. Ameigeuza kuwa nyingine. Rudisha."

Nikarudisha. Alikuwa sahihi: ncha nyekundu ya ulimi ilikuwa nyuma ya meno, na sasa kwa kuwa taa ilikuwa na nyekundu ndani yake, hata mimi niliiona.

Alimrekodia mtoto sauti yake kwenye simu palepale, akamweleza pahala na namna. Jibu likaja baadaye kwa maandishi: "Nimeona, Mama. Nitarudia. Lakini huko kwenu kuna mvua kubwa hivyo?" Nilimwonyesha, akaniambia nimjibu kwamba ni baba yake, amejenga ndege.

Ila mke wangu ni mwaminifu, na uaminifu ule ulitusimamisha. Walipofika karibu na mwisho aliniambia, "Herufi za kooni sizioni. Hakuna taa itakayoingia huko. Siwezi kumpa idhini kwa nisichokiona."

Nilisoma nikiwa mtoto, na Mungu hakuninyang'anya nilichofundishwa. Basi tuligawana. Kila rekodi ilipofika, mimi nilitoka nayo barazani, mbali na feni, simu nikiibana sikioni, nikasikiliza koo. Sikutazama picha. Kisha niliingia ndani, tukawasha ukuta, naye akatazama midomo na ulimi. Mwisho wa kila kipande alinigeukia akauliza neno moja tu: "Koo?"

Nami nilisimama kwenye mwanga ili anione vizuri, nikajibu. Safi. Au: pale pa katikati, arudie.

Tuliimaliza juzuu ile hivyo. Rekodi ya mwisho ilifika alasiri moja yenye mvua ya kweli, mvua na feni zikishindana. Nilisikiliza barazani nikiwa nimejibanza ukutani nisilowe. Nikaingia. Mtoto akasoma ukutani hadi neno la mwisho, na kidole cha mama yake hakikuinuka. Kilikaa juu ya goti, kimetulia. Picha ilipokwisha, ukuta ukabaki mweupe, na mke wangu akageuka.

"Koo?"

"Safi," nikamwambia. "Lote."

Akaichukua simu, akaiweka karibu na mdomo wake. Alimwita mtoto wake kwa jina alilokuwa akimwitia utotoni, akamwombea dua ndefu, akamwambia amemaliza. Sauti yake ilikuwa juu kidogo kuliko inavyotakiwa, kama ilivyo siku hizi, na hakuna feni iliyoweza kuishinda. Nilitaka kuizima ile taa, akanizuia. "Iache kwanza," akasema. Tukakaa wote wawili tukiutazama ukuta mtupu, mweupe, usio na udanganyifu.

Sasa wiki mbili zilizopita, mmoja wa wanafunzi wake wa zamani alibisha hodi akaulizia ule ukuta, kama naye anaweza kusomea pale. Nimelianza koti jingine la sanduku, jembamba, la kulikinga na vumbi tu.

Ewe unayesoma, Mwenyezi Mungu akuhifadhie macho yako na masikio yako. Na ikiwa ameshakuchukulia kimoja, akujaalie mtu wa kukaa nawe kwenye mkeka mmoja akutolee kile usichokifikia. Ailete nuru yake nyumbani mwako, akukutanishe na uliowafundisha na waliokufundisha, na atutakabalie sote. Amina.